Mlishe Mama Kwanza

Nilipokuwa mdogo, upande wetu wa mlima Meru, sungura walikuwa mali ya wavulana. Ng'ombe alikuwa wa baba, kuku wa mama, na sungura wakabaki kwetu sisi, kwenye banda la mabanzi nyuma ya jiko. Hakuna mkubwa aliyetoa hata senti kuwalisha. Tukitoka shule tulichukua kiroba tukapita kihambani, kati ya migomba na mibuni, tukichuma kila kilichokuwa laini: kishona nguo kabla hakijatoa maua, majani ya viazi vitamu, mchunga, majani ya mforosadi wa mpakani na nyasi changa za kando ya mfereji. Sungura wetu hawakuwa wakubwa wa kujivunia, lakini walizaa, wakanyonyesha, wakakua, na sikukuu haikupita bila kitoweo chao.

Miaka mingi baadaye biashara ya sungura ikavuma. Watu wazima wakaingia na mitaji, na mabanda ya waya ya ghorofa, na majike ya New Zealand White na Californian. Wengi waliuziwa mbegu pamoja na ahadi ya soko. Ndipo nikaanza kuona mambo ambayo utotoni sikuwahi kuyaona: vitoto vinakufa vikiwa na wiki tatu, majike yanakonda mpaka pingili za uti wa mgongo zinahesabika kwa kidole, na walioachishwa kunyonya wanavimba tumbo usiku, alfajiri wamekwisha kukauka. Majirani walinifuata kwa kuwa nilijulikana kuwa mfugaji. Nilipouliza wanakula nini, jibu lilikuwa karibu lile lile: pumba za mahindi, na majani siku yakipatikana. Mtu mwenye kazi mjini Arusha ana fedha ya gunia la pumba. Hana saa nzima ya kuinama kihambani na kiroba.

Tangu wakati huo nimeshikilia neno moja na sijaona sababu ya kuliacha. Nyama ya sungura inajengwa katika wiki tatu za mwanzo, na anayeijenga ni mama. Kama fedha ya protini na madini ni kidogo, na kwa wengi wetu ni kidogo, yote iende kwa jike anayenyonyesha. Wengine wapewe majani mengi, nyasi na maji.

Haya sikuyapata kitabuni. Nilimaliza shule nikakaa kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa akifuga kule karibu na Tengeru na kuuza nyama kwa wenye mahoteli. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia bandani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hebu pitisha mkono mgongoni kwa huyu."

Nikapitisha. Alikuwa jike mwenye vitoto vinane, na chini ya manyoya nilihisi mfupa tu.

"Huyu anawanyonyesha mwili wake," akasema. "Chakula cha jana kimeisha, sasa watoto wanakula mgongo wa mama yao."

Kisha akachota mashudu kwenye kopo, akapita banda hadi banda, akiwaruka madume, akiwaruka majike wasio na mimba na wale wadogo wanaonenepeshwa, akiwawekea wanaonyonyesha peke yao. Wengine aliwasukumia fungu la majani. Nilidhani ni ubahili. Baadaye, niliposoma hesabu za wataalamu, nikaona shangazi alikuwa akigawa kwa haki kabisa.

Tazama kazi anayoifanya jike. Ana kilo nne hivi. Huwanyonyesha watoto mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha anaondoka kiotani, ndiyo maana wengi hudhani amewatupa. Katika muda huo mfupi hutoa maziwa mazito ajabu: protini yake ni kama asilimia 12, wakati maziwa ya ng'ombe yana asilimia 3 na kitu. Ifikapo wiki ya tatu anaweza kutoa gramu 200 za maziwa kwa siku, au zaidi. Hizo ni gramu 24 za protini zinazotoka mwilini mwake kila siku, na bado yeye mwenyewe anahitaji kuishi, na huenda amekwisha kupandishwa tena ana mimba nyingine. Pumba za mahindi zina protini asilimia 10 au 11. Ale kiasi gani cha pumba ndipo atosheke? Tumbo lake halina nafasi hiyo.

Mwaka 1977 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa viwango ambavyo mpaka leo vinatajwa katika vyuo vya mifugo: sungura aliyetulia tu, asilimia 12 ya protini katika chakula, mwenye mimba, 15, mdogo anayekua, 16, anayenyonyesha, 17. Ukivisoma viwango hivyo ukiwa umesimama bandani unaelewa kopo la shangazi. Dume na jike lisilo na mimba hutoshelezwa na majani mazuri. Anayenyonyesha hatoshelezwi, na akipungukiwa hapunguzi maziwa siku ile ile. Hujikata nyama yake kwanza, maziwa yanapungua baadaye, na vitoto hufa wakati mfugaji ameshazoea kuwaona wazima.

Sasa, mashudu. Huku kaskazini tuna bahati ya alizeti. Mashudu yanashuka kutoka Singida na Dodoma na viwanda vidogo vya mafuta ni vingi. Protini yake hubadilika sana kufuatana na maganda. Mbegu ikikamuliwa na maganda yote, mashudu huwa na protini ndogo na nyuzinyuzi nyingi. Ikimenywa vizuri, protini hupanda hadi asilimia 30 na zaidi. Kwa sungura hayo maganda si hasara kabisa, kwa maana anazihitaji nyuzinyuzi. Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi na kila mfugaji aijue. Chukua pumba za asilimia 10 na mashudu ya asilimia 28, nawe unataka 16. Toa 16 kwenye 28, unapata 12: hayo ni mafungu ya pumba. Toa 10 kwenye 16, unapata 6: hayo ni mafungu ya mashudu. Yaani kilo mbili za pumba kwa kilo moja ya mashudu. Ukitaka 17 kwa mama, ongeza mashudu kidogo. Wanafunzi wa mifugo huita hesabu hii mraba wa Pearson. Shangazi hakulijua jina hilo, lakini kopo lake lilikuwa karibu sana na jibu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haisemi. Protini hujengwa kwa asidi amino, na mwili husimama pale panapopungua moja. Mahindi yana laisini kidogo. Alizeti nayo ina laisini kidogo, ingawa ina methionini ya kutosha. Kwa hiyo ukichanganya mahindi na alizeti peke yake, asilimia inafika 16 kwenye karatasi na bado sungura hakui inavyopaswa. Soya inaziba pengo hilo, maana ina laisini nyingi, lakini lazima ikaangwe au ichemshwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuvunja protini. Dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa wana protini zaidi ya asilimia 50 na huleta kalsiamu na fosforasi kwa pamoja. Kwao tahadhari ni mchanga. Nimewahi kuuziwa gunia ambalo robo yake ilizama chini ya ndoo ya maji ikabaki changarawe tupu. Tangu hapo sinunui dagaa wa kusagwa kabla sijachukua kiganja kimoja nikakitia majini.

Na majani yenyewe? Hapa ndipo wavulana wa zamani walipowazidi wenye mitaji. Majani machanga ya mforosadi, yakikaushwa na kupimwa, hayako mbali na lusani iliyokatwa kwa wakati, na lusani ina protini asilimia 17 hadi 20. Majani ya viazi vitamu hufika huko pia. Mlonge huvuka. Tena majani haya yana laisini iliyo haba kwenye mahindi, yana kalsiamu iliyo haba kwenye pumba, na nyuzinyuzi zinazofanya utumbo wa sungura utembee. Kiroba cha mtoto kilikuwa chakula kilichosawazishwa. Hakuna aliyekisawazisha, kilisawazishwa na wingi wa aina za majani yaliyomo. Aina moja ikipungua kitu, nyingine ilileta.

Si kila jani, hata hivyo. Parachichi limejaa vihambani mwetu, na majani yake ni sumu kwa sungura. Kwa jike anayenyonyesha huharibu tezi za maziwa zenyewe. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo yaachwe. Lusina ni mti mzuri wa protini, lakini una sumu inayoitwa mimosini, na sungura aliyelishwa lusina nyingi kwa siku nyingi hunyonyoka manyoya. Mimi huichanganya kidogo na majani mengine, na kwa jike mwenye mimba siitumii.

Nimeona pia watu walioelewa vibaya neno protini. Wakishaambiwa inajenga nyama, wanamimina. Bwana mmoja aliyekuwa na banda zuri kuliko langu alilalamika kuwa sungura wake wanapiga chafya na macho yanatoa machozi. Niliingia nikashindwa kukaa. Harufu ya amonia ilichoma koo. Alikuwa anawapa mashudu na soya kwa wingi, wote, dume na mtoto. Protini isiyohitajika mwili hauiweki akiba. Naitrojeni yake huvunjwa na kutolewa katika mkojo, na mkojo ukikaa chini ya banda unakuwa amonia. Amonia huunguza njia ya hewa, na bakteria wa mafua ya sungura hupata mlango. Siku hizi mkojo wa sungura unauzwa kama mbolea ya mboga, na mboga zinaupenda kweli. Lakini mkojo ukiwa mkali kupita kawaida, ujue kwamba sehemu ya fedha ya mashudu inamwagiliwa bustanini.

Dalili nyingine ya kuzidisha inaonekana sakafuni. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Ile gololi kavu kila mtu anaijua. Ya pili ni laini, imeshikana kama kichala cha zabibu ndogo, na hata mfugaji aliye makini haioni mara nyingi, kwa kuwa sungura huinama akaichukua moja kwa moja inapotoka na kuimeza. Ndani yake kuna protini iliyotengenezwa na vijidudu vya utumbo, na vitamini za kundi B. Ni chakula chake cha pili, na kwa sungura anayeishi kwa majani ni akiba kubwa. Akilishwa protini na wanga kupita kiasi, na nyuzinyuzi zikawa chache, huacha kukila. Ukikuta vichala vyeusi vinavyonuka vimekanyagwa sakafuni asubuhi, usikimbilie dawa. Punguza kopo, ongeza nyasi kavu. Kwa hawa wadogo walioachishwa kunyonya jambo hili ni la uhai na kifo: wiki ya tano hadi ya nane utumbo wao haujakomaa, na wanga mwingi bila nyuzinyuzi huwaua kwa kuhara au kujaa gesi ndani ya usiku mmoja.

Kuhusu madini, watu wengi huanza na jiwe la kulamba. Mimi naanza na pumba, maana ndizo zinazoleta tatizo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Jike anayenyonyesha anahitaji kalsiamu asilimia 0.75 ya chakula chake, karibu mara mbili ya mtoto anayekua, ambaye hutosheka na 0.4. Shangazi alikusanya maganda ya mayai, akayakausha juu ya moto, akayatwanga, akatia kijiko kwenye mashudu ya wanaonyonyesha. Leo kuna chokaa ya mifugo dukani, rahisi na safi, na mifupa iliyochomwa na kusagwa vizuri. Mwenye lusani au mforosadi wa kutosha anaweza asihitaji vitu hivyo.

Lakini kalsiamu nayo ina ukomo. Wanyama wengi huchukua kutoka utumboni kiasi wanachohitaji tu. Sungura huchukua kwa kadiri ya anachokula, kisha figo ndizo zinazofanya kazi ya kutoa kilichozidi, na ndiyo maana mkojo wake huwa na ukungu na kuacha weupe unapokauka. Sungura wa kuchinjwa akiwa na miezi mitatu au minne hawezi kudhurika na hilo. Dume la mbegu, linalokaa miaka bandani likila lusani na chokaa bila kazi yoyote ya kuitumia, linaweza kupata mchanga kwenye kibofu. Kwa hiyo madume yangu hula nyasi zaidi, na lusani wanaionja tu.

Chumvi ni nusu kilo kwa kilo 100 za chakula, ya mezani inatosha. Ukishaitia kwenye mchanganyiko, jiwe la kulamba halina kazi kubwa, isipokuwa kuozesha waya wa banda kwa kutu. Anayelitaka alitundike kwenye ubao wa banda, mbali na waya. Ila asinunue jiwe la ng'ombe lililotiwa yurea. Ng'ombe ana tumbo lenye vijidudu vya kugeuza yurea kuwa protini kabla haijafika utumboni. Kwa sungura huishia kuwa amonia ndani ya damu. Magadi ya Ziwa Natron, ambayo wengi huku tumezoea kuwapa mifugo, siyashauri pia. Si chumvi ile ile, na mengine yana floraidi nyingi. Sisi wa miteremko ya Meru maji yetu yanatosha kutuletea floraidi. Meno yetu yanajieleza.

La hatari kuliko yote niliyoyaona ni chakula cha kuku. Kinauzwa kila duka, kimeandikwa protini, mtu anaona ametatua tatizo. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu asilimia 3.5 au 4, kwa ajili ya ganda la yai. Chakula cha vifaranga kina nyuzinyuzi chache mno. Na baadhi ya dawa za kuzuia koksidia zinazochanganywa humo, narasini kwa mfano, ni sumu kwa sungura. Nimemwona mama mmoja akipoteza banda zima kwa wiki, na mwenye duka alimwambia chakula ni chakula. Ningependa kila duka la pembejeo liandike wazi juu ya gunia: hiki si cha sungura. Ni maneno manne, na yangeokoa mitaji ya watu wengi.

Sambamba na hilo, unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, nchi nzima ikalifahamu neno hilo. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumu hiyo. Pumba na mashudu ya karanga yaliyolala stoo mvua nzima, yenye harufu ya ukungu, hayawi chakula cha mifugo eti kwa sababu yamekataliwa na watu. Yatupwe.

Na maji. Bado nakutana na watu wanaosema sungura hanywi. Jike anayenyonyesha vitoto vingi huweza kumaliza lita mbili na zaidi kwa siku, na akikosa maji hali chakula kikavu, hata kiwe kimechanganywa na profesa. Jike aliyezaa akiwa na kiu anaweza kula watoto wake. Kabla ya kumlaumu jike huyo kwa ukatili, au kumnunulia madini, angalia chombo chake cha maji saa nane ya usiku.

Siku hizi nikiitwa kwenye banda la mtu siulizi tena wanakula nini. Naomba mizani. Vitoto huishi kwa maziwa karibu peke yake mpaka wiki ya tatu, kwa hiyo uzito wa kiota kizima siku ya 21 ni kipimo cha maziwa ya mama, na maziwa ya mama ni kipimo cha ulichomlisha. Ukipima kiota kwa kiota, ukaandika kwenye daftari, utajua ni jike gani anapungukiwa na ni mashudu kiasi gani yalileta tofauti, bila kumsikiliza mwenye duka wala mimi. Wafugaji wengi niwajuao wana premiksi za vitamini na madini za aina tatu kwenye rafu na hawana mizani. Ndugu mfugaji, mwezi huu acha premiksi moja dukani, nunua mizani ya jikoni, na kopo la mashudu lianzie kwa anayenyonyesha.